Damu Yetu Wameichukua, Majibu Yako Wapi?

Mwezi huu tunaomba tuweke kando kidogo habari za minyoo na upele, tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wanaokuja kliniki hutuletea mara kwa mara. Ni habari ya wale vijana wanaofika vijijini mwetu wakiwa na makaratasi, mizani, simu za kuandikia majibu na visanduku vya kuhifadhia damu. Hukaa wiki tatu au miezi mitatu, hupita nyumba kwa nyumba, huuliza umezaa watoto wangapi na wangapi wamefariki, huchoma kidole cha mtoto, hushukuru kwa adabu nzuri, kisha gari lao huondoka na vumbi lake na hatuwaoni tena.

"Sista, wale watu damu yetu wameipeleka wapi?" Swali hili tumeulizwa na wazee, tumeulizwa na akina mama wenye watoto mgongoni, tumeulizwa hata na wajumbe wa serikali ya kijiji waliowapokea watu hao kwa mikono yao wenyewe. Wengine hawaulizi, hunong'ona tu. Na minong'ono ya damu katika nchi zetu si jambo la kuchekea. Bibi zetu walitishwa kwa habari za mumiani tangu wakiwa wadogo, na habari hizo hazijafa. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu wasio na hatia yoyote kuuawa na makundi ya wananchi wenye hofu. Mtu asiyepewa jibu hujitungia jibu lake mwenyewe.

Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tuna maoni yetu juu ya jambo hili na tutayasema wazi. Hatukubaliani na wanaosema watafiti wafukuzwe kijijini. Wala hatukubaliani na watafiti wanaodhani kwamba wakishapata barua ya wilaya na dole gumba letu kwenye fomu, basi deni limekwisha. Wanaokuja kututazama wana deni kwetu, na deni hilo ni majibu.

Kwanza tuelewane hawa ni akina nani. Wengi wao si waajiriwa wa kampuni za dawa kama wengine wanavyodhani. Ni wanafunzi. Mtu akimaliza shahada yake ya kwanza ya udaktari, uuguzi, maabara au lishe, anaweza kuendelea na shahada ya uzamili, na baada ya hapo shahada ya uzamivu. Ili apewe shahada hizo haitoshi kufaulu mitihani darasani. Ni lazima achague swali ambalo bado halijajibiwa, alitafutie jibu kwa kupima na kuuliza, kisha aandike kitabu kinachoitwa tasnifu na kukitetea mbele ya maprofesa. Watokao Muhimbili, Bugando, KCMC au Ifakara hufanya hivyo, na wale wa Ulaya na Marekani nao hufanya hivyo. (Aliyemaliza uzamivu huitwa daktari, lakini angalieni, si lazima awe daktari wa kutibu. Amewahi kuja daktari wa mbu, na siku ile ile mama mmoja akamletea mtoto mwenye jino bovu. Maskini hakujua la kufanya.)

Je, kitabu cha namna hiyo kinatusaidia nini sisi tunaolima ufuta na korosho kuanzia Naipingo mpaka Ruangwa? Tuchukue mfano ulio karibu na chungu chetu.

Wazee wa kusini wanajua kwamba muhogo mchungu una sumu. Hawakufundishwa na mtu wa chuo kikuu. Waliloweka, walivundika, walianika makopa juani siku nyingi, ndipo wakatwanga. Lakini mwaka wa njaa mambo hugeuka. Mahindi yamekauka, mtama umeliwa, watoto wanalia, na muhogo mchungu ndio pekee uliobaki shambani kwa sababu hata nguruwe na nyani hawaupendi. Hapo mama hana siku nne za kungoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa jirani zetu wa wilaya ya Masasi, watu waliokula ugali wa muhogo walianza kuumwa saa chache baada ya chakula: kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema mtu ametia sumu kisimani.

Aliyeichunguza habari hiyo alikuwa Mtanzania, Nicholas Mlingi, wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Dar es Salaam. Yeye na wenzake walikwenda kutazama namna unga unavyotengenezwa. Wakakuta kwamba kwa ajili ya njaa watu walikuwa wamefupisha njia. Muhogo mbichi ulimenywa, ukatwangwa, ukaanikwa kidogo, ukatwangwa tena, na unga ukapatikana upesi bila ya kulowekwa. Wenyewe waliuita chinyanya. Unga huo ulikuwa bado na sumu ya sayanidi nyingi ndani yake. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1992, na mwaka 1995 Mlingi alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, nchi ya Sweden, juu ya utayarishaji wa muhogo na sumu hiyo katika chakula cha Watanzania.

Tafadhali tutafakari kidogo hapo. Neno chinyanya, neno la vinu vya akina mama wa kusini, limo katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya. Sisi tumeuliza akina mama wengi wodini kama wamewahi kusikia kwamba chinyanya ilichunguzwa na matokeo yake ni nini. Tulichopata ni macho ya mshangao.

Na si kuumwa kwa siku moja tu. Uko ugonjwa mwingine uitwao konzo. Mtu, mara nyingi mtoto aliyekwisha acha kunyonya au mama aliye katika umri wa kuzaa, analala mzima na anaamka miguu imekakamaa. Akisimama hutembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, na katika hali mbaya zaidi hawezi kutembea kabisa. Hauna homa kali, hauendelei kuzidi siku hadi siku, lakini pia hauponi. Miguu hubaki hivyo maisha yote. Neno lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938. Mwaka 1981 ulilipuka jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, na watu zaidi ya 1,000 walilemaa. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaripotiwa kwetu kusini, Mbinga na mkoani Mtwara. Msumbiji tunaijua sote, ni ng'ambo tu ya Ruvuma.

Kilichojulisha chanzo chake ni tasnifu moja baada ya nyingine. Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyekuwa akifanya kazi Nacala, Msumbiji, aliandika ya kwake mwaka 1986. Thorkild Tylleskär alifuata mwaka 1994, Mlingi wetu mwaka 1995, na Mkongo Jean-Pierre Banea mwaka 1997. Kila mmoja alishika kipande. Kwa pamoja walionyesha kwamba konzo huwapata watu waliokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa majuma mengi mfululizo, tena bila mboga yenye protini. Mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu hiyo. Mwenye dagaa au maharage sahanini ana ngao, na mwenye ugali mtupu hana.

Rosling huyo alisimulia jambo lililompata mwaka 1989 katika kijiji cha Makanga, nchini Zaire kama ilivyoitwa wakati ule. Alifika na wenzake kupima damu na mikojo ya watu ili wajue habari ya konzo. Wanakijiji walikusanyika kwa hasira, baadhi yao na mapanga mikononi, wakisema wazungu wamekuja kuiba damu yao na kuiuza. Mkalimani alimshauri wakimbie. Ndipo akatokea mama mmoja wa makamo, pekupeku, akasimama mbele ya watu wake na kuwauliza: je, mmesahau jinsi surua ilivyotuulia watoto, na jinsi ilivyokwisha chanjo ilipoletwa? Mnadhani chanjo iliota juu ya mti? Watu walikwenda kuitafuta kwa kuchunguza, na hawa nao wametafuta kwa njia hiyo hiyo. Kisha akanyoosha mkono wake achukuliwe damu yeye kwanza. Watu wakapanga mstari. Mama yule hakuwa amesoma. Lakini sisi tunaona alifahamu utafiti kuliko baadhi ya waliousomea.

Lakini tujiulize na upande wa pili: je, mama yule aliletewa majibu? Hapo ndipo penye mgogoro wetu.

Huku kwetu Lindi na Mtwara tumechunguzwa sana, pengine kuliko sehemu nyingi za nchi. Wengi mnakumbuka watoto walipokuwa wakipewa dawa ya SP siku ya chanjo. Wazo hilo lilijaribiwa kwanza Ifakara, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001: watoto wachanga waliopewa SP wakati wa chanjo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza. Jambo hilo likaonekana kubwa, lakini ni moja katika hospitali yenye watafiti wengi, ni jingine katika zahanati zetu zenye muuguzi mmoja. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2005 likajaribiwa katika wilaya tano: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Mwaka 2007 watu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walipita katika nyumba zaidi ya 240,000 za wilaya hizo. Nyumba zaidi ya laki mbili na elfu arobaini! Basi ni nadra kwa familia ya parokia zetu ambayo haikupigiwa hodi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa nchi ambazo dawa ya SP bado inafanya kazi vizuri, na majibu yetu yalikuwa miongoni mwa yaliyotazamwa katika kujua kama jambo hilo linawezekana vijijini. Je, ni nani aliwaambia?

Katika miaka hiyo hiyo, mtafiti kijana, Mtanzania, Mwifadhi Mrisho, alikaa na akina mama wa kusini akiwauliza kwa nini wengi hujifungulia nyumbani, na namna mtoto mchanga anavyotunzwa siku za kwanza. Aliyoyakuta yakachapishwa kuanzia mwaka 2007: umbali, kukosa nauli, uchungu wa ghafla usiku, uamuzi kuwa mikononi mwa mume au wakwe, na namna mama anavyopokelewa afikapo kituoni. Hayo aliyapata kwa kusikiliza tu, bila sindano wala darubini. Huo nao ni utafiti, tena wa shahada ya juu.

Mambo hayo yalisaidia kuanzisha kazi iliyofuata, ile ya wahudumu wa kujitolea mliowaita Mtunze Mtoto Mchanga, ambao kati ya mwaka 2010 na 2013 waliwatembelea wajawazito nyumbani katika wilaya sita, zikiwemo Nachingwea na Ruangwa. Kata zilikuwa 132. Zilichaguliwa kwa kura, karibu nusu zipate wahudumu na nusu nyingine zisipate, halafu zikalinganishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Mahali palipokuwa na wahudumu, akina mama wengi zaidi waliwanyonyesha watoto maziwa ya mama peke yake siku zile za mwanzo, na usafi wakati wa kujifungua uliongezeka. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko kule ambako hawakuwapo.

Kuna atakayesema: basi fedha zimepotea bure. Sisi tunasema hapana, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Jibu la "haikupunguza vifo" ni jibu la thamani kubwa, na tunawaheshimu waliolitangaza bila kulificha. Linatuambia kwamba mafundisho ya nyumbani peke yake hayatoshi. Mtoto anayezaliwa bila kupumua hawezi kuokolewa na ushauri aliopewa mama yake miezi mitatu kabla. Anahitaji mkono wenye ujuzi, kifaa cha kumsaidia kupumua, mahali pa joto, usiku ule ule. Kwa maneno mengine, tusiridhike na mabango na semina huku chumba cha kujifungulia hakina taa. Sisi tunaofanya kazi katika vyumba hivyo tungeweza kulisema hilo mbele ya baraza la madiwani tukiwa na ushahidi wa kata 132 mkononi. Lakini ni madiwani wangapi wa Nachingwea na Ruangwa waliopata kuuona ushahidi huo kwa Kiswahili?

Sasa tuseme lile linalotukera zaidi. Fomu ya kutuomba damu huandikwa kwa Kiswahili safi. Husomwa mbele yetu polepole, kila kipengele, mpaka tuelewe, kwa sababu sheria za utafiti zinadai hivyo. Ila jibu lililotokana na damu hiyo huandikwa kwa Kiingereza, likawekwa katika maktaba ya chuo au katika jarida la Ulaya. Kwa hiyo Kiswahili hufaa kwa kuomba na hakifai kwa kurudisha! Tumewahi kumwuliza mwanafunzi mmoja, mtoto mzuri tu mwenye heshima, atarudi lini. Akajibu kwamba katika bajeti yake kulikuwa na fedha za kuja, fedha za kupima na fedha za kuchapisha tasnifu, lakini kurudi hakukuwamo. Hatumlaumu yeye. Waliomsimamia na waliompa fedha ndio waliopanga safari ya kwenda tu.

Wengine watatetea wakisema matokeo hupelekwa wizarani, na wizara ndiyo itakayotengeneza mipango. Ni kweli, na ni vema. Lakini habari ya chinyanya haingoji mpango wa wizara. Mwenye kinu ndiye mwenye kuamua, leo jioni.

Wazee wa Nachingwea wanafahamu hasara ya kukurupuka bila kuchunguza. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947, walileta matrekta, wakajenga reli, wakafyeka misitu, kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua. Ulipofutwa mwaka 1951 mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwisha potea, na karanga zilizovunwa zilikuwa haba. Basi asituambie mtu kwamba utafiti ni anasa ya wasomi. Tunachodai ni kwamba mwenye shamba naye aonyeshwe kipimo cha udongo wake.

Tufanye nini basi? Mtafiti anapopiga hodi, mkaribisheni kiti. Muulizeni barua. Utafiti wowote wa afya ya binadamu katika nchi yetu unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na kibali cha taifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Asiye na karatasi hiyo, wala hajulikani kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mtendaji wa kijiji, asichome kidole cha mtu. Mwenye nayo, muulizeni bila woga: damu hii ni ya kupima nini, ni kiasi gani, itahifadhiwa au itamwagwa, jina langu litaandikwa? Unayo haki ya kukataa, na ukikataa hutanyimwa matibabu hospitalini. Unaweza hata kukubali leo na kujitoa kesho. Akina baba, jambo hili ni la mama pia. Msijibu "ndiyo" kwa niaba yake huku yeye yuko jikoni.

Ukikubali, basi sema kweli. Huyu akikuuliza umelala ndani ya chandarua jana, na hukulala, mwambie hukulala. Hatakukaripia, wala si mkaguzi. Uwongo wa heshima wa nyumba mia unaweza kuwafanya wakubwa waamini kwamba vyandarua vimeenea, wakaacha kuleta vingine. Nasi wauguzi na waganga tunaambiana vivyo hivyo juu ya vitabu vya MTUHA. Mwanafunzi anayekuja kusoma rejista za wodi hutegemea kile kilichoandikwa na muuguzi wa zamu ya usiku aliyechoka, na mstari usiojazwa ni mgonjwa asiyehesabiwa.

Kisha, kabla hajaaga, ulizeni swali ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote: "Mtarudi lini kutuambia mlichokuta?" Mwenyekiti wa kijiji aandike tarehe katika kitabu cha mikutano, na mtafiti atie sahihi. Si lazima aje yeye mwenyewe. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, ukabandikwa zahanati, ukasomwa kwenye mkutano wa kijiji na katika jumuiya ndogondogo. Aliyetembea nyumba mia nane kuuliza hatashindwa kuandika ukurasa mmoja. Nao maprofesa wa vyuo vyetu tunawaomba wasipokee tasnifu ya mwanafunzi mpaka awaonyeshe ukurasa huo na muhuri wa kijiji juu yake.

Tungependa pia siku moja mtafiti apige hodi na kusalimia kwa Kimwera. Shule za sekondari ziko Nachingwea, ziko Ruangwa, na wasichana wanaofaulu baiolojia na kemia wapo. Wengi wetu tulipoanza kazi hii, elimu ya juu kabisa ya muuguzi tuliyoijua ilikuwa stashahada. Leo muuguzi anaweza kusoma mpaka uzamivu. Binti akisema anataka kwenda kusomea maabara, asiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wanaume wa Dar es Salaam. Anajua chinyanya ni nini kabla ya kufundishwa.

Na kwa kuwa tumedai majibu yarudi, tusiwe wachoyo wa hili tulilonalo. Jibu la muhogo ni hili. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndipo uanikwe na kukauka kabisa. Usifupishe hata mwaka wa njaa. Mwaka huo ndio wa hatari zaidi. Kama unga umekwisha kutengenezwa na huna hakika nao, iko njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa Msumbiji. Tia unga mkavu katika beseni, weka alama mahali ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, halafu utapanda tena mpaka kwenye ile alama. Hapo acha kuongeza. Tandaza unga huo uliolowa juu ya mkeka, mwembamba, usizidi unene wa ukucha wa kidole gumba, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, mahali penye hewa. Sumu huondoka kama mvuke. Upike ugali siku hiyo hiyo, na pembeni pawe na dagaa, yai, kunde au mbaazi, hata kama ni kidogo, na mtoto apewe kwanza. Mtu akitapika na kuishiwa nguvu baada ya kula muhogo, aletwe hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi. Na mtoto yeyote ambaye miguu yake imelegea au imekakamaa ghafla, msimfiche ndani: mleteni, na mtuambie alikuwa akila nini majuma yaliyopita.